Mzee Thurgar Aufuata Mpira Baharini

Clement Thurgar alikuwa fundi saa mstaafu, mjane wa miaka sabini na miwili, na mechi ya kriketi ya vijana ilikuwa haimpiti. Jumapili ile wasichana wa Norfolk, wa chini ya miaka kumi na mitano, walikuwa wanakutana na wenzao wa Suffolk katika uwanja ulio juu ya jabali, pale Cromer. Mechi ilikuwa ya saa tano. Saa tatu yeye alikuwa ameshajikita kwenye kiti chake cha turubai, chupa ya chai mguuni, mikate yenye nyama ya kaa wa baharini mapajani, na dada yake Muriel pembeni akifuma sweta.

"Mjukuu wako ni yupi?" akauliza mama mmoja aliyekuja na mwanawe.

"Sina mjukuu."

"Sasa umekuja kumtazama nani?"

"Wote," akasema Clement, akamkaribisha mkate.

Kufikia alasiri Norfolk walibakiwa na ova mbili, yaani mipira kumi na miwili, na walihitaji mikimbio kumi na mitatu. Nahodha wao, Imogen Larter, aliupiga mpira mmoja ukaruka juu ya watu, juu ya uzio, ukatokomea chini ya jabali. Mikimbio sita. Clement akasimama.

"Kaka, kaa chini," Muriel akamwambia. "Wapo wenye magoti mazima."

"Hao wana kazi. Mimi natazama tu."

Akashuka ngazi zote hadi ufukweni, akihema kama mvukuto. Mpira aliukuta, ila ulikuwa kinywani mwa mbwa mkubwa mwenye manyoya. Mwenye mbwa, bwana mnene aliyevaa kaptura, alikuwa akilamba aiskrimu.

"Samahani bwana, mbwa wako ana mpira wa kaunti."

"Kanali huyo. Akishika kitu mdomoni hamsikii mtu. Hata mimi nyumbani kwangu namwomba ruhusa."

Kanali akaingia baharini. Clement akavua viatu, akakunja suruali hadi magotini, akamfuata. Kazi bure kukunja, maana wimbi la pili lilimfika kifuani na la tatu likamvua kofia. Mbwa akaitazama ile kofia ikielea, akaona hapa pana mali bora zaidi, akatema mpira na kuifuata. Clement akaudaka mpira kabla haujazama. Kofia hakuipata tena. Mara ya mwisho aliiona ikitokomea na Kanali kuelekea kwenye gati, na bwana wa aiskrimu nyuma yao akiomba ruhusa.

Alipofika juu, akichuruzika maji, watu wote walikuwa wanapiga makofi. Clement akainua mkono kuwashukuru.

"Shusha mkono," Muriel akamnong'oneza. "Mechi imekwisha. Walitoa mpira mwingine zamani."

Mwamuzi akaupokea ule mpira, akazitazama alama za meno, akamrudishia kwa adabu kama mtu anayerudisha samaki aliyeoza.

Clement akaketi. Siku nzima alikuwa akiisubiri ova ya mwisho. Imogen akamwona jinsi alivyonywea kitini.

"Babu, kwani hukuona?"

"Nilikuwa baharini."

Imogen akawaita wenzake. Wa Suffolk nao wakaja, na mrushaji wao, Thea Garrod, akaenda mwenyewe kuvisimika upya vijiti vitatu ambavyo mpigaji huvilinda visiangushwe. Wakaamua kumchezea mzee upya ova ya mwisho nzima, kwa mpira wake uleule ulioloa. Mpira wa tatu ukateleza mkononi mwa Thea, ukapinda kusikotarajiwa, ukaangusha vijiti.

"Haihesabiwi," akasema Imogen. "Tunaigiza. Hapa mimi nilipiga nne."

"Hapa umetoka, dada. Vijiti viko chini, unataka barua?"

Wote wakamgeukia Clement. Akasimama, sweta la Muriel lenye mkono mmoja tu mabegani, akainua kidole: ametoka.

"Babu, sisi tumekuonea huruma," akasema Imogen, "kumbe wewe ni mtu wa Suffolk."

Garini Muriel akawasha kipasha joto hadi mwisho, akauliza nani hasa aliyeshinda.

"Ya kwanza Norfolk, ya pili Suffolk," Clement akasema, akikamua soksi dirishani. "Ya kwanza wanasema ilikuwa nzuri pia."