Mfano wa Uwanja wa Bibi

Mimi nina hasira za karibu, na sioni haya kulisema. Lakini kwa rafiki yangu wa kidato cha sita nilikuwa mpole mpaka nikawa mjinga.

Tulikuwa wasichana watano wa fizikia kwenye shule ya bweni pale Kilosa. Mwalimu wetu alihamishwa, hakuletwa mwingine, tukajigawia mada wenyewe. Kila Jumamosi asubuhi mmoja anasimama ubaoni anashusha pindi, wengine wanaandika. Tulijiwekea sheria moja: anayefundisha hakatizwi. Akimaliza anaweka chaki chini, anauliza, "Kuna swali?" Mkikaa kimya, mada imepita, na hicho ndicho mtakachokwenda kuandika kwenye mtihani.

Mimi niliangukiwa na fildi na potenshali za umeme. Nilifurahi kweli. Nilitaka kusomea uhandisi wa umeme, na kwetu Chanzuru baba alishawatangazia watu msikitini kwamba binti yake atakuwa injinia, mtihani wenyewe sijaufanya. Nikakesha na kitabu wiki nzima. Fildi niliielewa: ni ule msukumo ambao chaji ndogo ingeupata ukiiweka mahali fulani. Potenshali ndiyo ikanipiga chenga. Mwisho nikajiaminisha kwamba hivi vitu viwili vinakwenda pamoja. Nikachora ubaoni chaji mbili chanya zinazolingana, nikaweka nukta katikati yake. Nikasema hapa misukumo miwili inauana, fildi ni sifuri, kwa hiyo na potenshali ni sifuri. Nilisema kwa sauti ya mtu anayejua.

Nikaweka chaki chini. "Kuna swali?"

Nilimtazama rafiki yangu yule kwanza. Ndiye aliyekuwa na kichwa chepesi, na ndiye niliyekula naye sahani moja tangu kidato cha tano. Alikuwa anachezea kifuniko cha kalamu.

"Hakuna swali," alisema. "Umeeleweka."

Mtihani wa moko, ule wa majaribio kabla ya wa taifa, ukaja na nukta ile ile katikati ya chaji mbili. Wanne tukaandika sifuri. Yeye peke yake hakuandika sifuri. Matokeo yalipobandikwa alikuwa wa kwanza, na mimi niliyeizoea nafasi hiyo nikawa wa nne. Wenzangu wakasema nimewalisha matango pori. Mmoja akasema mbele yangu kwamba chaki nisipewe tena, na kweli nikanyimwa. Injinia gani huyo ambaye hata wenzake wanne hawamwamini ubaoni? Nililia chooni. Yeye sikumshuku hata kidogo. Nilidhani jibu limemjia ndani ya chumba cha mtihani. Nilimkumbatia, jamani. Nilimpongeza.

Kwenye mapumziko mafupi baada ya moko akanialika kwao Mikumi. Mama yake anapikia madereva wa malori pembeni ya barabara kuu, na huwa ameweka fimbo karibu kwa ajili ya nyani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Wewe ndiye yule fundi umeme ninayesimuliwa kila siku?"

Rafiki yangu alikwenda kuchota maji. Mama akasema jiko linataka kuzimika, nichukue daftari lolote pale kabatini nipepee. Nikachukua la juu kabisa. Nilipolikunja likafunguka, nikaona mwandiko wake: Tuisheni, likizo ya Desemba. Mimi nilikuwa nimefundisha mwishoni mwa Januari. Chini yake aliandika hivi:

"Potenshali ni kimo, fildi ni mteremko. Mfano: Mamboya, kwa bibi yake. Uwanjani pale pako sawa, mpira ukiuweka hauviringiki. Lakini uko juu mlimani. Fildi sifuri, potenshali siyo sifuri. Nikirudi nimweleze."

Yeye mwenyewe Mamboya hajawahi kufika. Ni mimi niliyemsimulia uwanja ule wa mbele ya nyumba ya bibi, na jinsi mpira ukivuka ukingo unavyotukimbiza mpaka bondeni.

Potenshali niliielewa pale pale, nimechuchumaa mbele ya jiko. Ningeweza kuielewa tangu shule ilipofunguliwa, kwa mistari michache tu, kwa mfano alionitungia mimi. Afadhali asingejua. Machozi yakanitoka, mama wa watu akadhani ni moshi, akaniambia nikae upande wa pili.

Aliporudi nilikuwa nimelishika daftari mkononi. Akatua ndoo taratibu.

"Ulijua," nikamwambia.

"Ulikuwa umeshasema mbele ya wote. Ningekukatizaje?"

"Nilipouliza kama kuna swali, ulisema nimeeleweka. Na bwenini je? Kitanda kimoja cha deka, wewe juu mimi chini. Mdomo ulikuwa na nini?"

Akawa anafuta maji yaliyomwagikia mguu wake.

"Nilitaka nikupite mara moja tu," alisema. "Halafu ningekwambia."

"Lini?"

Akainua ndoo, akaiingiza ndani. Nikamaliza kupepea jiko, nikamuaga mama yake kwa heshima, nikarudi Kilosa siku ile ile.

Jumamosi ya kwanza tulipofungua niliwaomba chaki. Wenzangu walinuna, wakanipa kwa shingo upande. Nikachora uwanja wa bibi Mamboya, mpira juu yake, mteremko pembeni na bonde chini. Nikawaeleza kimo na mteremko, nikarudia nukta yangu ya katikati, safari hii bila kuipa sifuri ya potenshali. Nikaona nyuso zinafunguka moja moja. Yule aliyeninyima chaki akasema mfano mtamu, nimeutoa wapi.

Nilimtazama rafiki yangu. Alikuwa na nafasi ya kusema.

"Kwa bibi yangu," nikasema, nikaweka chaki chini. "Kuna swali?"

Akainamia daftari jipya, akaanza kunakili mchoro wangu, kama mtu anayeuona kwa mara ya kwanza.