Nilivyowekwa Ndani Kabla ya Kupanda Lushoto

Siku tuliyopanda milima ya Amani nilishuka kwenye baiskeli nikakuta miguu si miguu tena. Ilikuwa magogo mawili ya mnazi yaliyolala mvuani mwaka mzima. Nilikuwa naongoza mashindano, ndiyo, lakini kwa muda mdogo mno, kama wa mtu kupiga chafya na kusema alhamdulillahi. Na kesho yake, siku ya mwisho, tulikuwa tunatoka Muheza kwenda kupanda Lushoto, barabara yenye kona nyingi kuliko utumbo wa ng'ombe. Aliyenifuata kwenye msimamo alikuwa kijana wa Arusha, mwembamba kama njiti, anayepanda milima kama mtu anayetoka sebuleni kwenda jikoni.

Watazamaji hudhani kazi yetu ni kukanyaga pedali. Wallahi, katika mashindano ya siku nyingi kazi ngumu ni kupumzika. Ukivuka mstari unakunywa, unakula wali jasho halijakauka, unaoga, unainua miguu ukutani, unakandwa, unalala. Misuli iliyomaliza akiba yake haibembelezwi kwa maneno. Hilo tulifundishwa hata darasani, jioni baada ya mazoezi. Kocha wetu, mtu wa Iringa, alilifupisha: ukiweza kukaa usisimame, ukiweza kulala usikae.

Timu ilifikia Muheza kwa shangazi yangu, ambaye hakuna bibi harusi kuanzia Horohoro hadi Pangani ambaye hajapita mikononi mwake kusingwa mwili kwa manukato. Nikajilaza kwenye mkeka barazani, miguu ukutani, nikaanza kusikia damu ikirudi.

Sasa, mji mzima ulikuwa umeshasikia kuwa mtoto wao anaongoza. Akaja mzee wa kwanza kunipongeza. Utamsalimia mzee umelala, nyayo zinamtazama? Nikainuka. "Shikamoo, babu." Nikambusu mkono. Nikalala. Akaja wa pili na nduguze. Nikainuka. Wakaja wa msikitini, wakaja wa sokoni, akaja bibi mmoja aliyenifananisha na binamu yangu lakini akanipongeza hivyo hivyo. Nilikuwa napanda na kushuka kama pampu ya kisima, na mapaja yakaanza kutetemeka yenyewe.

Kocha akanivuta pembeni. "Kijana, unamaliza Lushoto hapa hapa barazani. Lala!"

"Kocha, nikipokea wazee nimejinyoosha, wataniuliza nani alinilea."

Shangazi akatokea na mwiko mkononi, maana alikuwa anapiga bokoboko la ngano na nyama. Akanitazama miguu, hakunitazama uso.

"Ingia chumbani. Leo wewe mwali."

"Mwali, shangazi? Na ndevu hizi?"

"Ndevu zako hizo tatu nani aliziona? Ingia, baba."

Kwetu msichana anayengoja ndoa huwekwa ndani. Hatembei, hafanyi kazi, wala haonwi na mgeni, na hakuna anayekasirika kwa kutomwona. Shangazi akatundika kanga mlangoni, nami nikalala nyuma yake. Haukupita muda nikasikia sauti ya mzee nje.

"Yu wapi bingwa nimpe mkono?"

"Shikamoo, shehe. Bingwa hatoki. Mwali haonwi."

Nikaziba uso kwa mto. Nikajua sasa ukoo wetu umeaibika. Kisha mzee akacheka mpaka akakohoa.

"Na harusi lini?"

"Kesho, Lushoto."

"Basi mwambieni tunamwombea dua." Akaenda zake, na nje akinamama wakapiga vigelegele. Waliokuja baada yake walirudishwa vivyo hivyo, wakicheka.

Shangazi akanisinga kwa liwa, karafuu na mafuta ya nazi, akikanda kutoka kifundoni kuja juu, mpaka magogo yakawa laini kama mkate wa kumimina. Nikala bokoboko bakuli la kuogeshea mtoto mchanga. Nikaswali isha, nikalala kama nimezimwa kwa swichi.

Asubuhi kwenye mstari wa kuanzia harufu ilinitangulia.

"Nani kaleta bibi harusi?" akauliza yule wa Arusha, na msafara wote ukaangua kicheko.

Tulipoacha Mombo akachomoka kona ya kwanza. Nikamfuata. Akachomoka tena. "Bibi harusi, shika shela lisinase kwenye cheni!" Nikamfuata. Miguu ilikuwa inazunguka kana kwamba Amani ilipandwa na mtu mwingine. Karibu na Soni nikamsikia anavuta pumzi kama msumeno kwenye gogo bichi.

"Shemeji," nikamwambia, "mbona unahema, na mahari hujatoa?"

Akataka kunijibu, pumzi ikakataa. Hapo nikasimama juu ya pedali nikaondoka, na sikumwona tena mpaka Lushoto mjini, baada ya mimi kuvuka mstari peke yangu, mikono juu, nikiwa bingwa wa mashindano yote kwa tofauti ambayo kocha aliilia machozi.

Mtangazaji akanisogezea kipaza sauti, akauliza kama nimechoka.

"Nishusheni Mombo," nikamwambia, "nipande tena."

Watu wakacheka, wakidhani natia chumvi. Siku ile sikutia hata punje.