Jinsi Nilivyomchagua Mokua

Harufu ya tope lililochanganyika na mkojo wa ng'ombe hunirudisha hadi leo kwenye chemchemi moja bondeni karibu na Marani, kiangazi cha miaka michache baada ya Uhuru, nilipokuwa na umri wa miaka kumi. Baba alikuwa amekwenda kufanya kazi kwenye mashamba ya chai Kericho, kaka sikuwa naye, basi fimbo ya kuchungia nikakabidhiwa mimi, msichana, pamoja na ng'ombe wetu wawili. Mmoja alikuwa na ndama, na maziwa yake ndiyo yaliyomlea mdogo wangu Kerubo, kwa kuwa mama alikuwa ameugua na hakuweza kumnyonyesha. Kiangazi kile maziwa yalipungua kila siku. Mama alikiinamisha kibuyu, akakitazama, kisha akanitazama mimi.

Sababu niliijua. Chemchemi ilikuwa imebaki dimbwi dogo, na wachungaji saba kutoka pande zote mbili za bonde tulinywesha kwa zamu. Zamu haikufuata umri wala ukoo; ilifuata mieleka. Aliyewashinda wenzake wote alinywesha kwanza, maji yakiwa bado maangavu, na ng'ombe wa mtu wa saba walifyonza tope. Siku ya soko, watu wazima wakiwa Marani, kila mmoja aliruhusiwa kumwita mpinzani mmoja. Ukimwangusha, mnabadilishana zamu. Ukiangushwa, unangoja hadi soko lijalo. Mimi nilikuwa wa saba, na mieleka sikuwa nimeijaribu hata mara moja.

Kwa pupa yangu, soko la kwanza nilimwita Ogeto mwenyewe, mwenye zamu ya kwanza, kijana aliyekwisha kuanza kuota ndevu. Aliniinua kama mtu anayehamisha kikapu cha viazi, akanilaza chali, vumbi likanijaa masikioni. "Wewe, rudi kwa mama yako ukaoshe sufuria," aliniambia, na wenzake wakacheka hadi wakaketi chini. Nililia njia nzima, si kwa maumivu bali kwa hasira.

Basi nikaanza kuwachunguza. Sijui kama nimewahi tena kuwa na udadisi mkubwa namna ile, hata nilipokuja kuwa mwalimu. Nilitazama nani huegemea mguu gani, nani hutweta akipanda mlima, nani hukasirika upesi na kujisahau. Wa sita nilimweza, lakini kumshinda kungeniletea tope jepesi kidogo tu. Wa tano na wa nne walikuwa ndugu, ukimgusa mmoja umewagusa wote wawili. Mitego ya miguu niliijaribu kwenye migomba yetu, nikilikumbatia shina na kulisukuma kwa bega, mpaka mama akashangaa ni upepo gani huu unaoangusha ndizi zisizokomaa. Sikumwambia.

Ndipo Mokua, mwenye zamu ya tatu, mvulana wa ng'ambo ya pili, akaugua malaria. Nduguye mkubwa alimshikia zamu majuma mawili. Siku aliyorudi mwenyewe ilikuwa siku ya soko. Shingo yake ilikuwa imekonda, na alipoinama kuokota fimbo alishika goti kwanza ndipo akaweza kusimama. Nililiona goti lile na moyo ukaniruka.

"Namwita Mokua," nikasema.

Ogeto akanikazia macho. "Mngoje apone kwanza."

"Sheria inasema nimngoje?"

Mokua aliiweka fimbo chini taratibu. "Mwacheni aje," akasema. Nilimtega mguu wa goti lile lile, akaanguka bila kelele, akabaki pale chini akihema.

Siku hiyo ng'ombe wetu walikunywa maji ambayo ungeweza kuhesabu kokoto ndani yake. Juma halikwisha kabla kibuyu hakijaanza kuwa kizito, na mama akawa anaimba akikamua. Nilifurahi, siwezi kudanganya. Nilitembea kijijini kifua mbele. Mokua hakuniita tena. Aliendelea kunywesha wa mwisho mpaka mvua zikanyesha, chemchemi ikajaa, na habari za zamu zikasahaulika.

Leo bonde lile limejaa chai, ng'ombe hukatiwa majani na kuletewa nyumbani, na mieleka ya watoto imehamia kwenye simu. Hivi karibuni mjukuu wangu alinionyesha mchezo wa mtandaoni ambamo unapigana na madubwana ili upande ngazi. Alikuwa akiyavamia makubwa na kuuawa kila mara. Nikatazama kidogo, nikamwelekeza kwa lile lenye alama nyingi lakini uhai umebaki haba. Alipanda ngazi tatu kabla chai yangu haijapoa.

"Nyanya, hii umejulia wapi?"

Nikamsimulia habari za Mokua. Akanieleza kwamba kwenye mchezo wake dubwana likiuawa huzuka tena palepale baada ya muda mfupi, halidhuriki. Kisha akaishusha simu.

"Na kwao Mokua, maziwa yalikuwa yakimlea nani?"

Nilikuwa nimeuchunguza mguu wa Mokua, goti lake, shingo yake na pumzi zake. Hilo sikuwahi kumuuliza.