Watoto Wawili Walioazimwa Ng'ambo ya Mto

Eufrasia Yucra alilea watoto wadogo wa Collpani kwa miaka kumi na tisa, na katika miaka yote hiyo hakuwa mwalimu wa kuajiriwa. Alichaguliwa kwa mikono iliyoinuliwa kwenye mkutano wa kijiji. Jina lake liko ukurasa wa mia moja na nne wa kitabu cha kumbukumbu, kwa mwandiko wa marehemu mzee Fortunato, aliyekuwa katibu kabla yangu. Mikono thelathini na minane. Hakuna aliyepinga.

Kitabu hakisemi kwa nini alichaguliwa yeye, kwa sababu kila mtu alijua. Februari ya mwaka uliotangulia alipanda mlimani kuchunga alpaka, mifugo yetu ya sufu, akamwacha nyumbani mwanawe wa pili, Edilberto, mwenye miaka mitatu. Alimfunga kiunoni kwa mshipi wa sufu, na ncha ya pili akaifunga kwenye nguzo ya mtambo wa kufumia. Sote tulifungwa hivyo tukiwa wadogo. Edilberto alifungua fundo. Walimkuta kwenye mfereji wa kumwagilia mashamba, mahali ambapo maji hayamfiki mtu mzima magotini.

Kwenye mkutano ule wa uchaguzi Eufrasia alisimama akasema, "Nipeni chumba kimoja. Nitakaa nao wote mimi, ninyi mkiwa malishoni. Sitaki kuona tena mtoto amefungwa kama mbuzi."

Chumba kilijengwa kwa matofali ya udongo, lakini mvua zilikuwa zinakaribia na mikono yetu haikutosha kuezeka. Ndipo watu wa Antamarca, ng'ambo ya mto, walipovuka na miti yao ya mikaratusi begani, wakafanya kazi siku mbili. Sisi huita jambo hilo ayni: leo mgongo wangu kwako, kesho mgongo wako kwangu. Siku uliyopewa huilipi kwa kitu kingine ila siku.

Ofisi ya elimu ya wilaya ilitupa meza ndogo, chaki, na mratibu wa kututembelea. Kazi iliyobaki ilikuwa ya Eufrasia. Alikuwa na chanuo moja na beseni moja, na mtoto hakuingia kabla hajaoshwa uso. Aliwafundisha kuhesabu kwa punje za mahindi meupe, na rangi kwa nyuzi alizozitia rangi mwenyewe. Alichukua muda mrefu kwenye kamba za viatu. Alisema mtoto anayejua kufunga na kufungua fundo anajua kutumia vidole, na vidole ndivyo vitakavyoshika kalamu. Akina mama walipika kwa zamu, supu ya shayiri na viazi vikavu. Mtoto akinyamaza siku mbili mfululizo, Eufrasia alikwenda kwao jioni kuuliza kuna nini.

Mwanzoni walikuwa ishirini na watatu. Kisha watu wakaanza kuondoka, wengine migodini, wengine jijini Lima, na mwaka huu tulibakiwa na wanane. Wanane ndio mpaka. Wakiwa saba, chumba kinafungwa. Eufrasia alilijua hilo kuliko sisi sote, na alikuwa akiwatazama wanawake walioolewa karibuni kwa namna iliyowafanya wacheke.

"Shangazi Eufrasia ananitazama tumbo kuliko mume wangu," alisema Hermelinda, mama yake Nilda.

"Mume wako hana chumba cha kujaza," alijibu Eufrasia.

Aprili, Basilia Ttito alivuka daraja akaja na kitambaa cha majani ya koka na jibini, zawadi za mtu mwenye ombi. Basilia analea watoto wa Antamarca kama Eufrasia alivyolea wa kwetu. Mto ndio mpaka wa wilaya mbili, kwa hiyo yeye ana ofisi yake na mkaguzi wake.

"Dada, nimebakiwa na sita," alisema kabla hata hajaketi. "Wale pacha wangu wamehamia mgodini na baba yao. Mkaguzi anakuja Alhamisi."

"Nisemeje sasa?"

"Niazime wawili. Siku moja tu. Na Agosti, hesabu yenu ikifika, nitakuja na wawili wangu, upungukiwe usipungukiwe. Siku kwa siku."

Eufrasia aliwaita wazazi, nami nikaitwa niandike. Teófilo Poma, baba yake Yerson, alianza kwa utani kama kawaida yake.

"Kwa hiyo mwanangu ni fahali wa kulima? Nimpeleke na nira yake?"

"Fahali hali biskuti zote za wageni," alisema Hermelinda. "Mwanao atatutia aibu."

Watu walicheka. Basilia hakucheka. Alitazama juu, kwenye mikaratusi iliyoshika paa. Wote tukaitazama. Teófilo akavua kofia.

"Haya, mama Basilia. Mchukue Yerson."

"Na Nilda," alisema Hermelinda. "Lakini arudi na soksi zake zote mbili."

Hivyo ikawa. Kosa, kama ni kosa, lilikuwa kwamba tuliwaazima vizuri. Miaka ya nyuma mkaguzi alikuwa anahesabu vichwa na kuandika majina kwa kalamu. Kama wangekwenda na majina tu, huenda jambo lingepita. Lakini mtoto havuki kwenda wilaya nyingine bila kitambulisho chake, na nilimwambia Eufrasia hivyo mimi mwenyewe. Nilimtafutia mfuko wa plastiki wa kutilia vyote viwili. Aliushona ndani ya shali ya Nilda ili usidondoke mtoni.

Alhamisi aliwapeleka kwa mkono. Mkaguzi alikuwa kijana mpole mwenye simu. Aliomba vitambulisho, akaelekeza simu kwenye kila kimoja, ikalia kidogo, akasema asante. Nilda alihesabu punje hadi ishirini. Yerson alicheza ngoma isiyo ya kwao kana kwamba alizaliwa nayo.

"Wa kwako wana akili, dada," Basilia alimnong'oneza.

Walirudi kila mmoja na chenza, na soksi zote nne. Eufrasia alifurahi siku ile. Aliniambia, "Sasa tumelipa paa."

Barua ilikuja Julai, baada ya likizo. Mratibu wetu, Ivonne Zegarra, aliileta mwenyewe kwa pikipiki, na mkutano ukaitishwa uwanjani mbele ya chumba. Alisoma huku ameinamisha kichwa. Namba mbili za watoto zilionekana katika vyumba viwili. Namba hizo zimefutwa katika vyumba vyote viwili. Collpani imebaki na sita, Antamarca imebaki na sita. Vyote viwili vimefungwa. Walezi waliohusika hawataandikishwa tena mahali popote.

"Bi mratibu," alisema Teófilo, "watoto ni hawa hapa. Wahesabu. Wanane. Wanapumua."

"Nawaona, kaka. Lakini mfumo hauwaoni. Yerson na Nilda hawawezi kurudishwa hadi mwakani, na chumba kikishafungwa, kukifungua upya lazima wawe kumi na watano."

"Kumi na watano tutawatoa wapi? Tuwafume?"

Hakuna aliyecheka.

"Hamkutuambia," alisema Hermelinda. "Mngetuambia Machi."

Mratibu alitazama chini. "Nililiacha tangazo la wazazi. Lina mambo kumi na mawili wazazi wanayopaswa kuyajua. Nilimwachia katibu."

Nilifungua kitabu. Tangazo lilikuwa humo, limekunjwa mara mbili, na kando ya kumbukumbu ya tarehe kumi na nne Machi niliandika kwa mkono wangu: *Limesomwa hadi jambo la saba. Yaliyobaki yaliahirishwa kwa sababu ya mvua ya mawe.* Siku ile watu walikimbilia mifugo. Sikuyasoma tena. Niliwasomea umri wa kuanza, chanjo, zamu za kupika, maji ya kunawa, mtoto mgonjwa abaki nyumbani, mzazi afike kwenye mikutano, mtoto asipigwe. Jambo la kumi na moja linasema kila mtoto ana namba moja, na namba hiyo hukaa katika chumba kimoja tu. Ikionekana kwingine, mtoto hupoteza nafasi kotekote, na chumba kinaweza kufungwa. Ni mistari mitatu. Niliisoma kwa sauti pale uwanjani, ikiwa imechelewa kwa miezi minne.

Nilitaka kusema kwamba lawama ni yangu, lakini Hermelinda alikuwa ameshamgeukia Eufrasia.

"Wewe ndiye uliyemvusha. Wewe ndiye uliyemshonea karatasi shingoni. Miaka kumi na tisa unahesabu hadi nane, na siku ya siku ukakosea!"

"Hermelinda, sote tulikubali," alisema Teófilo.

"Mimi sikusoma! Yeye ndiye mwalimu. Mimi ni nani?" Alimnyanyua Nilda akamweka mgongoni. "Usimguse tena mwanangu, Eufrasia. Umenisikia?"

Eufrasia alinisogelea. "Andika kwamba ni mimi," alisema. "Iwe wazi, wasije wakawalaumu akina mama." Niliandika. Halafu, chini yake, niliandika kwamba jambo la kumi na moja mimi sikulisoma. Alisaini sehemu yake tu. Akavua ufunguo shingoni akaniwekea juu ya kitabu.

Wiki iliyofuata lori la ofisi lilichukua meza. Shule ya msingi iko makao makuu ya wilaya, mwendo wa saa moja na nusu, na haipokei watoto wa miaka mitatu wala minne. Malisho ya kiangazi yako juu sana, na upepo wa huko unakata midomo; mtoto mdogo hapelekwi. Mmoja baada ya mwingine, mishipi ikatoka sandukuni. Nilipopita nyumba ya Hermelinda niliuona, mwekundu, umefungwa kwenye nguzo. Alinieleza bila kuulizwa.

"Namfunga fundo moja, anafungua. Namfunga mawili, anafungua mawili. Nani alimfundisha, unajua mwenyewe."

Nilijua. Eufrasia naye aliambiwa, maana Collpani neno halilali njiani. Nilikuwapo alipoambiwa, na mwezi ule sikulala vizuri.

Tarehe ishirini Agosti, siku ambayo hesabu yetu ingefanyika, Basilia alivuka daraja asubuhi na watoto wawili, wameoshwa na kuchanwa, nywele bado zina maji. Chumba chake kilikuwa kimefungwa kama chetu. Nilimkuta amesimama mbele ya kufuli.

"Mama Basilia, hakuna hesabu leo," nilimwambia.

"Najua, kaka katibu. Lakini nilisema siku kwa siku. Nikae nalo deni hadi kaburini? Niitie dada yangu."

Eufrasia alikuja, amevaa sketi yake ya kazi. Nilifungua mlango. Ndani mlikuwa na alama za miguu ya meza sakafuni na punje chache za mahindi pembeni. Waliketi chini, wanawake wawili na watoto wawili wa Antamarca, na Eufrasia akaanza wimbo wa kunawa uso kwa sauti ndogo. Yerson aliusikia akaja. Kisha akaja Nilda, mbio, mshipi mwekundu bado uko kiunoni, unaburuzika vumbini nyuma yake.

Eufrasia aliacha kuimba. Aliushika mshipi, akaupitisha mkononi taratibu kutoka kiunoni mwa mtoto hadi ncha, akiupapasa kama umelowa. Ulikuwa mkavu. Aliukunja, akaanza wimbo tena kutoka mwanzo.

Saa sita Basilia alisimama, akamkumbatia. "Tumemaliza, dada."

"Tumemaliza."

Nilifunga kufuli. Hermelinda alikuwa mlimani na hangeshuka kabla ya jioni. Alikuwa ameshasema mtoto wake asiguswe, na Eufrasia hakutaka arudi akute mtoto hayupo. Alimshika Nilda mkono hadi kwao. Nilifuata nyuma, kwa kuwa sikujua kitu kingine cha kufanya. Nilimwona akipiga magoti kwenye nguzo ya mtambo.

"Bibi, mimi najua kulifungua hilo," Nilda alimwambia, kwa fahari.

"Najua, mama. Leo usilifungue."

Alifunga mafundo matatu, akavuta kujaribu, akafunga la nne.

Hakwenda malishoni. Alishuka akaketi ukingoni mwa mfereji, chini ya nyumba ile, hadi Hermelinda aliposhuka na mifugo na kupita karibu yake bila kumsalimu. Kesho yake alikuwa pale tena. Sasa yuko pale kila siku, na alpaka wake wamekonda kwa kushinda zizini. Mfereji unapita chini ya nyumba sita zenye watoto. Kutoka anapoketi anaona mbili.