Dufu la Adhuhuri

Mdogo wangu alijua kupiga dufu kabla hajajua kufunga vifungo vya shati. Baba alipofariki, na mama akamfuata masika yaliyofuata, mimi ndiye niliyekuwa mkubwa. Mwalimu wa chuo cha Kurani kijijini kwetu, upande wa Kang'ata, alimchukua yule mtoto kila alasiri bila kuuliza ada. Alimfundisha kusoma, na alipoona vidole vyake havitulii juu ya msahafu, akampa dufu.

Mimi niliacha shule darasa la nne. Nikawachukua wadogo zangu wawili, huyo na wa kike, nikaenda nao Korogwe, nikapata kazi ya kuanika katani kwenye shamba la mkonge. Sikukaa kulia. Nilisema yule wa kiume atasoma, akasoma, na yule wa kike naye akaolewa kwa heshima akitokea mikononi mwangu.

Watu wengi walimjua mdogo wangu baadaye, alipokuwa mfamasia mwenye koti jeupe. Walimjua kama mtu mpole, asiyempa mgonjwa dawa mpaka amrudishie kwa mdomo wake jinsi atakavyoimeza. Akihesabu vidonge kwa mkono mmoja, kidole cha mkono wa pili kilikuwa kinagonga meza. Wengine walidhani ana haraka. Mimi nilijua ni kasida ipi.

Lakini nikimkumbuka, kwanza humwona katika Ramadhani yake ya kwanza kazini. Uhuru ulikuwa umeshapatikana, na watu wa kwetu walikuwa wamehamishwa kutoka kwenye mashamba yao wakakusanywa kwenye kijiji cha ujamaa. Mdogo wangu alikuwa ametoka kusomea utoaji wa dawa, akapangiwa zahanati mpya ya kijiji hicho hicho. Nikaacha katani nikaenda kumtunzia nyumba. Tukawakuta watu wetu wote kwenye mistari, nyumba inatazamana na nyumba. Na mstari wa mbele tukamkuta mwalimu, amezeeka, bado na sauti ya kukemea chuo kizima bila kuinuka kwenye mkeka.

Mfungo ulipofika katikati, sauti ile ikakatika. Mwalimu alishikwa na kichomi. Mvua ilikuwa imeharibu barabara ya kwenda Handeni mjini, sindano zilikuwa zimekwisha, na lori la kuleta nyingine halikuweza kupita. Kilichobaki zahanati ni vidonge vya salfa. Mdogo wangu akaenda navyo, mimi nyuma yake.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Umekuja kunipa dawa au kunisomea talakini kaburini?"

"Dawa, mwalimu. Utameza alfajiri, adhuhuri, magharibi na usiku. Na kila ukimeza, maji mengi. Dawa hii bila maji inaganda kwenye figo."

"Maji nitakunywa magharibi."

"Na vile vya adhuhuri?"

"Vitangoja. Kwani vina haraka ya kwenda wapi?"

Mdogo wangu akainamisha kichwa. "Mwalimu, wewe ndiye uliyenifundisha kwamba mgonjwa anakula, halafu atalipa siku nyingine."

"Nilikufundisha. Sikukwambia uje unifundishe."

Tukatoka. Siku mbili baadaye nilikutana na mkewe kisimani, bibi mmoja mcheshi ambaye siku hiyo hakuwa na kicheko. Akaniambia mzee anavikusanya vidonge vya mchana chini ya mto, akishafuturu anavimeza vyote kwa mkupuo. "Anasema hesabu ni ile ile. Na leo mkojo wake mwekundu, mwanangu, kama chai ya mkandaa."

"Bibi, si anajua kuwa ameruhusiwa?"

"Anajua kuliko wote. Haogopi Mungu huyo kwa kunywa maji. Anaogopa dirisha la jirani."

Nikaelewa mara moja. Zamani, kila mtu alipokuwa na mji wake katikati ya shamba lake, mwalimu angekunywa uji wake mchana na asingeonwa na mtu ila kuku. Sasa moshi ukitoka jikoni adhuhuri, mstari mzima unauliza. Naye ndiye aliyemfukuza kijana mmoja dukani, mwanzoni mwa mwezi, kwa kumwona na sigara. Angefunguaje mdomo wake mbele ya watu wale?

Nilipomweleza mdogo wangu, aliusukuma mkono wangu wenye bakuli la futari. "Akiendelea hivyo siku mbili tatu, figo zitafunga, dada. Atakufa, na aliyempa dawa ni mimi." Akagonga meza kwa vidole kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Kesho pika uji mwepesi, tia kwenye birika. Pita uani kwa bibi. Ukisikia dufu, mkae tayari."

Nikapika, nami nimefunga. Jirani akachungulia. "Jamani, jikoni kwenu kunafuka mchana, kuna nini?"

"Kuna mgonjwa."

"Nani?"

"Ukimjua utampunguzia homa?" Akajifunika kanga yake akaenda zake.

Nilipoingia kwa mwalimu na birika chini ya kanga, alikuwa amelala anapumua kwa shida, midomo imepasuka. Nje, mbele ya mlango, mdogo wangu alikuwa amewaketisha vijana wa chuo na madufu yao, eti wanajiandaa na Idi. Wakaanza kasida ambayo mwalimu mwenyewe aliwafundisha. Mdogo wangu, ambaye mkono wake haukuwahi kukosea, akaukosea mdundo.

Mwalimu akafumbua macho. "Nani huyo?"

"Mwanao wa dawa," bibi akajibu.

"Huyo si mwanangu. Anapiga kama anayefukuza nyani."

Nje wakarudia. Akakosea pale pale, na safari hii vijana wakamfuata. Mwalimu akajiinua kwa kiwiko ili akemee. Ikatoka pumzi tu, halafu kikohozi.

"Usijisumbue," bibi akamwambia. "Waache washike hivyo hivyo. Na watu wa vijiji vingine wakija siku ya Idi, watasikia chuo chako kinavyopiga."

"Nyamaza wewe."

Wakakosea mara ya tatu. Mwalimu akanyoosha mkono kwenye mtungi. Nikampa kikombe, na bibi akamwekea vidonge kiganjani. Akavitazama, akanitazama mimi.

"Mmepanga."

"Tumepanga, mwalimu," nikasema. "Meza, ukamkemee."

Akameza. Akamaliza kikombe, akataka cha pili, akanywa na uji mpaka birika likawa jepesi. Kisha ukuta ule wa udongo ukatikisika kwa sauti niliyodhani imekwisha kuzikwa: "Wewe daktari wa mbuzi! Mdundo wa pili unauvuta! Unauvuta!"

Madufu yakanyamaza. "Samahani mwalimu," mdogo wangu akaitikia kutoka nje. "Nimesahau. Kesho utanielekeza."

"Kwa nini kesho? Rudia sasa hivi!"

Basi kila adhuhuri mdogo wangu alifunga zahanati, akaja na kosa jipya, na kila adhuhuri mwalimu alikunywa ili apate sauti. Mkojo ukasafika. Homa ikashuka. Hasara ilikuwa moja tu, kwamba wawili katika wale vijana waliuzoea ule mdundo mbovu, na ilichukua mwezi kuwatoa.

Siku ya Ijumaa, watu wakitoka msikitini, mwalimu alitaka atolewe nje. Tukamweka barazani, uso kwa uso na mstari wote. Akaomba kikombe. Mdogo wangu akampa. Mzee akameza vidonge na maji mbele ya kijiji kizima, taratibu, kisha akamgeukia mtu mmoja aliyesimama kumkodolea macho.

"Mimi ni mgonjwa, nimeruhusiwa, na nitalipa. Wewe unayehesabu mafunda yangu, una ugonjwa gani?"

Watu wakacheka, na yule bwana akacheka nao. Jioni ile ile akaja zahanati mama mwenye homa aliyekuwa akificha dawa zake kama mwalimu, na kesho yake wakaja wengine. Mdogo wangu akaweka mtungi wa maji na vikombe ndani, anayemeza akameza pale pale, hakuna aliyeulizwa.

Baada ya Idi mwalimu akaanza kulipa siku zake. Mdogo wangu akafunga pamoja naye, ingawa yeye hakuwa na siku ya kulipa, nami nikafunga nao. Kijiji kilikuwa kinakula mchana kutwa, harufu ya ugali wa bada na samaki ikitupita puani, na sisi tumekaa kwenye mkeka wa mwalimu tukingoja magharibi. Mwalimu alikuwa na dufu mapajani, akimfundisha mfamasia wangu kasida mpya, akimkemea kwa kila kosa. Safari hii makosa yalikuwa ya kweli.