Neno Walilokula Mchwa

Miaka kumi na tisa nafundisha Kiingereza hapa Kasongo, mashariki mwa Kongo, na sura ninayoichukia kuliko zote ni ile ya maneno ya kueleza vitu visivyo na sifa. Wanafunzi hawaipendi vilevile. Wao wanataka maneno ya kusifia; mpe mmoja wao neno beautiful, atalitumia kwa mbuzi, kwa barabara na kwa marehemu. Lakini nikiandika ubaoni dull, plain, bland, ordinary, darasa zima linalegea. Dull ni kisu butu, ni siku ya mawingu, ni mtu asiyechangamka. Plain ni kitambaa kisicho na maua. Bland ni sombe, ile mboga ya majani ya mihogo, iliyopikwa bila chumvi wala mafuta ya mawese, nao wanakunja nyuso kana kwamba nimewalisha. Siku moja msichana wa mstari wa mbele aliinua mkono.

"Prof, kitu kama haina kitu, juu ya nini wanaitafutia majina mingi vile?"

Nikamwambia aandike, asibishane.

Kuna neno la ukoo huohuo ambalo sikuwahi kulifundisha, kwa sababu sikulijua. Kamusi yangu inaishia kwenye herufi T. Kuanzia U mchwa waliila, msimu mmoja wa mvua nilipoiacha sakafuni, na tangu hapo nimeishi vizuri tu bila maneno ya mwisho wa alfabeti. Sikuona hasara yoyote mpaka mama yangu alipougua.

Mama anakaa upande wa Kabambare. Analima mihogo na mpunga, na akibeba habebi kidogo. Mwaka jana alianza kuumwa kifua na kukosa pumzi. Nikaenda kumchukua kwa pikipiki, siku mbili njiani kwa sababu ya matope, dereva mbele, mama katikati, mimi nyuma, na mama akilalamika njia nzima kwamba namkaba. Hospitalini kulikuwa na daktari mgeni, mwanamke aliyekuja kwa wiki chache na mashine ya ekografi, ile inayotazama ndani ya mwili bila kisu. Alijua Kiingereza, na Kifaransa cha kuombea maji ya kunywa. Siku ya kupimwa mimi nilikuwa darasani, mke wangu ndiye aliyempeleka. Mwuguzi wa kufasiri aliitwa kwa mjamzito mmoja kabla hawajamaliza, basi mama akarudi nyumbani na karatasi tu, imeandikwa kwa Kiingereza.

Akanikabidhi mbele ya mke wangu. "Soma. Njo maana tulikusomesha."

Nikasoma. Ini: unremarkable. Figo: unremarkable. Wengu: unremarkable. Moyo: unremarkable. Neno lenyewe sikulijua, lakini nani angethubutu kukiri hivyo mbele ya mwanamke aliyelima mpaka mgongo ukapinda ili yeye asome? Nikafanya kama tunavyofanya sote tuliolelewa na Kifaransa: nikalipasua vipandevipande. Remarquer ni kuona, kutambua. Ile un ya mbele ni ya kukana, ile able ya nyuma ni ya kuwezekana. Hesabu ikatoka safi kabisa.

"Maini haikuonekana," nikasema. "Figo haikuonekana."

"Na moyo?"

"Haikuonekana."

Mama akajitazama kifuani. "Sasa mimi niko natembea na nini?"

Mke wangu akacheka. Kisha akaiona sura yangu, akamvutia mama kiti.

Simu ingeweza kuniokoa, lakini mtandao ulikuwa umekatika, na hata ungekuwepo nisingeuliza. Kiburi si maungwana, ila mimi ninacho, na kwa Kiingereza ninacho zaidi. Nikaamini tafsiri yangu. Niliamini kuna uvimbe mkubwa umeukalia moyo wa mama, mkubwa hata mashine ikashindwa kupenya, na kwamba mama yangu anakufa. Nikaanza kufikiria jinsi ya kumfikisha hospitali kubwa ya Bukavu. Darasani nilifundisha vibaya.

Mama yeye alitania. Akipakuliwa wali anasema, "Munipe kidogo, pa kuuweka hakuna." Jirani akimwuliza hali, anajibu kwamba yeye ni nyumba yenye mlango mzuri lakini wenyewe wamehama. Watu walikuja kumpa pole wakaondoka wakicheka. Siku ya tatu mke wangu akaniita pembeni: amemkuta mama amepanga vitenge vyake mafungu matatu, fungu moja kwa kila dada yangu. Mimi hakuniwekea kitu, na nikiri kwamba katikati ya huzuni yote hiyo nilinuna kidogo.

Siku ya tano nikavaa koti langu la mitihani, nikaenda kumwona daktari. Nikamwuliza, kwa Kiingereza changu cha ubaoni, kwa nini moyo wa mama haukuonekana.

Akashtuka. Akasema ameuona vizuri sana.

Nikamwonyesha karatasi, kidole juu ya neno. Akalisoma, akanitazama, akaziba mdomo kwa kiganja asicheke. Halafu akanieleza polepole, kama mimi ninavyowaeleza wanafunzi wangu. Neno hilo ni la kitu ambacho daktari anakitazama na hapati sababu ya kusimama hapo. Kiko kama kinavyotakiwa kuwa. Alidhani mwuguzi alishamwambia mama. Kifua kimechoshwa na mizigo, basi; apunguze kubeba mihogo, apumzike. Akaongeza kwamba katika kazi yake hakuna neno analofurahi kuliandika kuliko hilo.

Niliona aibu, sikatai. Lakini furaha ilikuwa kubwa kuliko aibu, na nilirudi nyumbani kwa miguu nikicheka peke yangu, watu wa sokoni wakinipisha njia kama mwehu.

Mama alikuwa uani anapepeta mchele. Nikasimama mbele yake na koti langu.

"Mama, nilikosa. Ile neno sikuijua. Munganga aliona yote. Maini iko tu. Figo iko tu. Hakuna kitu imeharibika."

Nilingoja matusi, maana nilistahili. Ungo ukasimama mikononi mwake.

"Hata moyo?"

"Hata moyo. Iko tu."

Akaweka ungo chini. Mdomo ulitaka kutania, nikaona kabisa unavyotafuta neno, ukashindwa.

"Nilikuwa naogopa, papa," akasema, akiniita kwa jina la kunibembelezea utotoni. "Hizi siku zote nilikuwa naogopa sana."

Nikamwambia hata mimi. Tukaanza kulia, mama na mwanawe mwenye mvi, mchana kweupe, kuku wakila mchele wetu ungoni. Mke wangu akatoka jikoni mbio, mwiko mkononi, akidhani sasa ndiyo habari mbaya yenyewe imefika, akauliza kuna nini. Tukamjibu wote wawili kwa pamoja kwamba hakuna kitu.