Kibuyu Kilichopasuliwa Kiseke

Kiangazi cha mwaka 1938 mama yangu, Ng'washi, alikohoa asubuhi moja akatema damu mlangoni, pale kwetu Kiseke. Kabla jua halijazama bibi mzaa baba alikuwa ameshakata shauri kwamba ni kifua kikuu. Alipasua kibuyu cha mama cha kunywea maji, akachoma mkeka wake, akamhamishia kwenye kibanda cha ndama. Mimi nilikuwa na miaka miwili, bado nanyonya. Nikang'olewa mgongoni mwake.

"Kibuyu pasueni," mama alimwambia bibi. "Mtoto nitamchukua."

Nakasirika hata leo nikiandika haya. Mgonjwa gani wa kifua kikuu analima mpaka adhuhuri na kumaliza ugali wote? Hakukonda, hakuwa na homa. Alichokuwa nacho ni kitu kilichomtekenya kooni, na kila alipowaambia kwamba kinatembea, walimwona amerukwa na akili.

Akaenda Mwanza kwa miguu. Hospitalini dresa mmoja, msaidizi wa daktari aitwaye Antoni, alimsikiliza kifua na kupima makohozi yake siku tatu. Hakuona vijidudu.

"Rudi nyumbani, mama. Damu ya kikohozi ina sababu nyingi. Uje tena mwezi ujao."

"Siondoki," mama alisema, akaketi kwenye benchi. "Mwezi mzima mwanangu alie kwa watu? Kifua umesikiliza, makohozi umepima. Kooni hujaangalia."

"Kooni kutatoka damu yote hiyo?"

"Angalia, halafu unicheke."

Antoni akacheka hapo hapo, kisha akamuuliza anakunywa maji wapi. Baba alikuwa Geita kwenye machimbo ya dhahabu, kwa hiyo ng'ombe aliwachunga mama. Naye, kama wachungaji wote, alipiga magoti lamboni akanywa maji yale yale ya ng'ombe. Kosa hilo lilikuwa lake, na hakulificha.

Kicheko kikaisha. Antoni alimgeuza uso kwenye dirisha, akakandamiza ulimi kwa kijiko. Kule ndani kabisa kitu cheusi kilijikunja. Alikibana kwa koleo, kikang'ang'ania, akavuta mpaka mama akatokwa machozi. Akatoka ruba, mnyonya damu wa maji ya lambo, mnene kama kidole gumba, ameshiba damu ya mama yangu. Antoni alitaka kumtupa.

"Nitilie kwenye chupa," mama alisema.

Alikaa siku mbili zaidi hospitalini ili waone kama damu itarudi. Haikurudi. Akatembea mpaka Kiseke, akaiweka chupa mbele ya bibi.

"Shikamoo, mama. Kifua kikuu chenu hicho."

Hakungoja marahaba. Alichukua kibuyu cha bibi mwenyewe, akachota, akanywa taratibu mpaka mwisho, akakirudisha mahali pake. Kisha akanichukua mimi.

Wiki ile bibi alimletea kibuyu kipya, kizuri, chenye shanga shingoni. Mama alikitilia mbegu za mtama. Miaka kumi na moja, mpaka bibi anakufa, maji mama alinywea kile cha bibi.